Barua kwa mwanangu: bendi ni ya nani?

Mwanangu,

Salamu kutoka Tabora. Huku hatujambo, embe zimeanza, na goti la baba yako limemwachia kidogo. Ile video ya Maria Schneider, mtunzi wa jazz wa Marekani, na bendi yake nimeitazama, tena kwa spika ya jirani maana ya simu yangu inakoroma. Unauliza: mtu anayetunga tu, akasimama mbele mikono mitupu, hagusi gitaa wala kinanda, anaweza kusema bendi ni yake? Na wewe ukiwakusanya wenzako wa Bagamoyo ukawapa nyimbo zako, watu si watakuona mshereheshaji tu?

Wenzako wanakuchanganya kwa sababu kwetu bendi ilikuwa ya mwenye vyombo. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na yao, jeshi nao na yao. Na pale ambapo hapakuwa na chama, alikuwapo tajiri aliyenunua magitaa na spika. Mwanamuziki akikorofishana na mwenye mali aliondoka na nguo zake, na nyimbo zake zikaendelea kupigwa na waliobaki. Hapa tumekulia kwenye sifa za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Waulize wazee, watakutajia mwimbaji na mpiga solo. Aliyepanga wapulizaji waingie wapi na watoke wapi, hana anayemtaja.

Bendi ya huyu mama Schneider imejengwa kwingine. Kila mpigaji anakuja na chombo chake mwenyewe: saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, halafu piano, gitaa, besi na dramu, na mara nyingi kodiani juu yake. Kitu pekee anacholeta yeye ni karatasi za noti. Ondoa karatasi zile, watabaki mafundi hodari wa New York ambao kesho watampigia mwingine. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ni yake, na hata yako inaweza kuwa yako. Lakini karatasi hizo zina masharti, na hayo ndiyo niliyotaka kukuandikia.

Usidhani alianza mbele. Ametokea Windom, mji mdogo wa wakulima huko Minnesota, na mwaka 1985 akawa msaidizi wa Gil Evans, yule mpangaji mkubwa wa muziki aliyefanya kazi na mpiga tarumbeta Miles Davis. Akasoma pia kwa Bob Brookmeyer, ambaye alikuwa mtunzi na mpiga tromboni. Alipopata bendi yake, kuanzia 1993 hadi 1998 walipiga kila Jumatatu kwenye klabu moja ya New York iliyoitwa Visiones. Miaka mitano ya Jumatatu! Hapo ndipo unapomjua nani pumzi yake ni ndefu, nani akipewa nafasi ya solo anaanza kwa woga kisha anapasua, nani hapendi kupiga juu. Ukishayajua hayo huandiki tena kwa ajili ya "tarumbeta ya pili". Duke Ellington, mtunzi na mpiga piano wa Marekani aliyeongoza bendi yake karibu miaka hamsini, kwenye karatasi zake aliandika jina la mpigaji badala ya jina la chombo. Mtu akiondoka, ile karatasi inakuwa na shida.

Hilo mimi nalielewa kwa kwaya. Umekua ukiniona nimesimama mbele ya sauti nne pale kanisani Moravian, siimbi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwaya ni ya nani siku ya tamasha. Mwalimu wa kwaya anajua soprano yupi anashuka akichoka, basi ile sehemu ndefu anaigawa kwa wawili wapokezane. Hicho ndicho nilichokiona kwenye mikono ya Schneider. Tazama tena utaona hapigi mapigo muda wote kama polisi wa barabarani. Dramu inatosha kwa hilo. Anainua sauti, anaishusha, anamzuia mmoja kidogo ili mwenye solo amalizie anachosema.

Usikilize pia kipande chake kiitwacho Cerulean Skies, cha 2007, kwenye albamu ya Sky Blue. Kinazidi dakika ishirini na kinaanza kwa wanamuziki kuiga milio ya ndege. Baba yako alicheka, akasema watu wazima na vyombo vya mamilioni wanalia kama chiriku. Baadaye nikamkuta amekirudia peke yake.

Sasa huyo baba yako ana ujumbe wake, na ameniambia niuandike kama alivyousema. Tromboni haina vitufe, ina mrija. Kwenye noti ya Si bemoli ya chini, mrija uko karibu na mdomo. Kwenye noti ya Si ya kawaida, iliyo juu yake tu, nusu hatua, mrija unakwenda hadi mwisho wa mkono. Ukiandika noti hizo mbili zifuatane kwa kasi, kompyuta yako itazipiga safi kabisa, kijana wa watu ataonekana hajui kazi. Na saksafoni alto inasoma noti tofauti na inayosikika, kwa hiyo mpe karatasi iliyokwisha kuhamishwa, usimwambie ahamishe mwenyewe kichwani mazoezini. Wapulizaji wakishakuona hujui chombo chao, mikono yako mbele yao ni upepo.

Pesa ni ngumu, sitakuficha. Watu kumi na nane hawatoshi kwenye daladala moja na vyombo vyao, sembuse kwenye malipo ya ukumbi mmoja. Ellington alitumia mapato ya nyimbo zake kuwalipa wapigaji. Schneider aliwaomba wasikilizaji wachangie kabla ya kurekodi, akaiuza albamu ya Concert in the Garden kwa intaneti tu, bila maduka, na mwaka 2005 ikapata tuzo ya Grammy. Ni njia nzuri kwa mwenye wasikilizaji tayari. Wewe bado hunao, basi anza na watu wanane au tisa unaowajua vizuri: tarumbeta mbili, saksafoni mbili, tromboni moja, na wa nyuma, yaani dramu, besi na gitaa. Bendi ya watu 18 usiyoweza kuikutanisha kila wiki haitakufundisha kitu. Na kabla hujagawa karatasi yoyote, sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina lako. Hao ni wenzako na unawapenda, najua. Sajili hivyo hivyo.

Kuhusu kinanda wanachotaka ukae nacho jukwaani ili uonekane unafanya kazi: kama wimbo hauna kinanda, usikae. Simama. Mara ya kwanza watanong'ona.

Tuma ukurasa wa tromboni kwanza, baba yako auone kabla ya vijana. Piga picha karatasi nzima, ile ya juzi mistari miwili ya chini ilikatwa, na andika jina la atakayepiga. Asali nimempa dada yako, anapanda treni ya Alhamisi.

Mama yako