Maswali Yenu ya Jikoni: Kababu Zinazopasuka, Zinazokauka na Zinazodondoka

Safari hii maswali ya kababu yamezidi mengine yote, basi ukurasa mzima ni wake. Kababu tunazozisema ni zile za pwani: nyama mbichi ya kusaga iliyotiwa viungo, ikafinyangwa mfano wa yai dogo na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Aliyeuliza za mkaa naye atapata jibu lake.

Assalaam aleykum. Kababu zangu nikizitia kwenye karai zinapasuka, mafuta yanajaa chenga, na chache zinazobaki nzima zina nyufa. Nimeongeza mayai hadi matatu kwa kilo, bado. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Waaleykum salaam, dada. Umekosea kwenye maji, na mayai uliyoongeza yamezidisha tatizo, kwa sababu robo tatu ya yai ni maji. Kitunguu kibichi nacho ni maji karibu asilimia 90. Kababu ikiingia kwenye mafuta ya moto, maji yale yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, nyama inapasuka.

Kwa kilo moja ya nyama ya kusaga chukua vitunguu maji viwili vya wastani, slesi nne za mkate wa jana, yai moja tu, thomu iliyotwangwa kijiko kimoja cha kulia, tangawizi mbichi kiasi hicho hicho, pilipili mbichi tatu, na fungu dogo la kotmiri (wengine mnaiita dania au giligilani). Viungo vya unga ni jira, yaani bizari ya pilau, kijiko cha chai kimoja na nusu, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, na mdalasini robo kijiko. Chumvi vijiko viwili vya chai. Ndimu nusu, isizidi hapo: ukali mwingi wa ndimu huipausha nyama na kuifanya ikauke.

Katakata vitunguu vidogo kabisa, vinyunyizie chumvi kidogo kutoka kwenye kile kipimo, viache dakika 10, kisha vitie kwenye kitambaa safi uvisonge kwa nguvu mpaka visitoe tone. Kotmiri ioshe mapema ili ipate muda wa kukauka. Majani yaliyotoka bombani moja kwa moja yanabeba maji kuliko unavyodhani. Nyama ukiiosha, ioshe ikiwa vipande, uichuje vizuri kabla ya kuisaga. Ikishasagwa usiioshe kabisa.

Hatua inayorukwa na wengi ni kukanda. Nyama ianze na chumvi peke yake, kabla ya kitunguu na mkate. Chumvi huzitoa protini za nyama, na ukikanda zinanata. Hiyo ndiyo gundi ya kababu, wala si yai. Kanda kwa mkono dakika tatu au nne, nyama ikiwa bado ya baridi. Chukua donge, libandike kiganjani, geuza kiganja kitazame chini. Likiganda bila kuanguka, imekolea. Likidondoka, endelea kukanda. Hapo ndipo unatia vitu vilivyobaki na kuchanganya kwa wepesi, kiasi cha kuenea tu.

Funika, weka kwenye friji nusu saa. Ukifinyanga, paka viganja mafuta na usugue kila kababu mpaka iwe laini pande zote, maana ufa mdogo unaouacha ndio utakaofunguka kwenye karai. Kilo hiyo hutoa kababu 30 hivi za gramu 40. Kabla ya kufinyanga zote, kaanga moja uionje chumvi. Nyama mbichi usiionje.

Mimi zangu hazipasuki, ila zikipoa zinakuwa ngumu, na ukitafuna unaona kama unga. Natumia chenga za mkate mkavu, vikombe viwili kwa kilo, na nyama ya steki tupu. (Msomaji, Mombasa)

Kwako ni kinyume: nyama yako imekosa maji na mafuta. Steki tupu haina mafuta ya kuilainisha, na chenga kavu zinanyonya maji yake yote. Vikombe viwili ni vingi mno. Mwambie muuza nyama akuchanganyie sehemu yenye mafuta kidogo, kama gramu 100 hadi 150 za mafuta ndani ya kilo, na isagwe mara moja tu.

Acha chenga, tumia boflo. Slesi nne zitoe maganda, zirowe kwenye maziwa au maji kwa dakika moja, kisha zikamue kwa mkono mpaka zibaki na unyevu bila kuchuruzika. Zisage kwa vidole ziwe uji mzito ndipo uzichanganye. Mkate wa hivi unayashika maji yake hata kwenye joto na unazuia nyama isijikaze ikawa kitu kimoja kigumu. Mkate uliokamuliwa vizuri haupasui kababu. Kinachopasua ni maji yanayozurura, kama yale ya kitunguu. Jambo jingine: usikandie kwenye mashine ya kasi. Visu vyake vinaipasha nyama joto, mafuta yanayeyuka, na unapata kitu kinachovutika kama mpira.

Nje nyeusi, ndani nyekundu. Nikipunguza moto zinanyonya mafuta. (Msomaji, Morogoro)

Mafuta yawe na kina cha vidole vitatu na joto la nyuzi 170 hivi. Kama huna kipimajoto, tupia kipande kidogo cha mkate: kikigeuka rangi ya dhahabu kwa kama dakika moja, joto ni hilo. Kikiungua kwa sekunde 20, punguza moto na usubiri. Tia kababu sita au saba kwa mkupuo, si zaidi, kwani karai likijaa joto linashuka ghafla, na hapo ndipo zinaponyonya mafuta. Usiziguse dakika ya kwanza. Za gramu 40 huchukua dakika tano au sita. Kubwa zaidi ya hapo zibonyeze kidogo ziwe bapa. Nyama ya kusaga lazima iive mpaka katikati, nyuzi 71, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama vimesambazwa ndani na mashine. Steki unaweza kuila ikiwa na wekundu, kababu hapana.

Salamu kutoka Muscat. Kababu za kijiti tunazochoma kwenye mkaa zinadondoka motoni zote. Natumia mapishi yale yale ya kukaanga. (Msomaji, Oman)

Ndugu yetu, mapishi ni tofauti. Kababu ya karai inashikwa na mafuta pande zote kwa wakati mmoja. Ya mkaa inaning'inia kwenye chuma na inaiva upande mmoja mmoja. Ondoa yai, ondoa mkate. Kwa kilo tia vijiko viwili vya kulia vya unga wa dengu uliokaangwa mkavu kwenye kikaango mpaka unukie. Mafuta yaongezeke yafike sehemu moja kwa tano ya mchanganyiko. Ya mkia wa kondoo ndiyo bora, na huko kwenu hayana shida kupatikana. Waturuki wa Adana hutumia mafuta hayo hayo, na nyama wanaikata kwa mkono kwa kisu kikubwa kinachoitwa zırh, kwa hiyo inashikana bila yai wala unga.

Kijiti cha duara, chembamba, hakifai. Nyama inazunguka juu yake, ukigeuza chuma yenyewe inabaki palepale. Tafuta chuma bapa chenye upana wa sentimita mbili hivi. Lowesha mkono, bandika nyama kwa unene wa kidole gumba, bana vizuri ncha zote mbili, kisha weka vyuma kwenye friji saa moja. Mkaa uwe umeshika majivu meupe, na vyuma vikae juu ya kingo za jiko ili nyama isiguse wavu. Isubiri ibadilike rangi chini ndipo ugeuze mara ya kwanza, halafu geuza mara kwa mara, jumla dakika nane hadi kumi.

Naweza kutia papai bichi kama kwenye mishikaki? (Msomaji, Unguja)

Usitie. Papai linavunja nyuzi za nyama ya vipande; nyama ya kusaga nyuzi zake zimeshavunjwa, italegea iwe kama uji. Tangawizi mbichi nayo ina nguvu hiyo kwa kiasi, kwa hiyo mchanganyiko wenye tangawizi usiulaze usiku kucha.

Nataka kuandaa mapema kwa ajili ya futari. Nigandishe mbichi au zilizoiva? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mbichi ladha yake ni bora, lakini nyama iwe haijawahi kugandishwa. Zipange kwenye sinia bila kugusana, zigande saa mbili au tatu, ndipo uzitie mfukoni, utoe hewa na kuandika tarehe. Zitumie ndani ya miezi miwili. Baadaye hazidhuru ila viungo vinafifia. Usiku wa kuamkia siku ya kukaanga zishushe kwenye friji ziyeyuke humo, si mezani: kwa joto la Dar nyama ya kusaga haitakiwi kukaa nje zaidi ya saa moja. Kabla ya kukaanga zifute na karatasi ya jikoni, maana barafu ikiyeyuka inaacha maji juu yake na mafuta yatakurukia.

Kama nyingine ni za urojo, zifinyange ndogo, ukubwa wa ukwaju mmoja uliomenywa, na ukaange dakika tatu tu. Zitie bakulini mwisho kabisa, baada ya viazi na bajia, zisirowe.