Uzi wa neva si waya wa umeme: niliyojifunza kwa mkono wangu

Ndugu, umeuliza aksoni ni kitu gani, na kama kweli neva hupitisha umeme kama waya wa nyumbani. Nakujibu kwa niliyoyapitia, maana kioo cha dirisha kiliwahi kunikata kwenye kifundo cha mkono, kikakata na mshipa wa fahamu, yaani neva, unaokwenda kwenye kidole cha mwisho, na kidole chote kikafa ganzi.

Aksoni ni uzi mrefu unaochomoza kwenye seli ya neva. Ule unaoanzia karibu na uti wa mgongo hadi kidole gumba cha mguu hukaribia mita moja, ingawa wembamba wake hauonekani bila hadubini. Uzi ukiwa umetulia, ndani yake huwa hasi kwa takriban milivolti 70 kuliko nje. Msukumo ukifika, milango ya sodiamu kwenye utando hufunguka, ioni zake (chembe zenye chaji ya umeme) huingia kwa kasi, ndani pakawa chanya kwa muda usiozidi kupepesa jicho, kisha potasiamu hutoka na hali hurudi ilivyokuwa. Badiliko hilo hufungua milango ya jirani, hivyo msukumo huzaliwa upya njia nzima na haufifii. Wanasayansi Hodgkin na Huxley walilieleza jambo hili mwaka 1952 kwa kupima aksoni nene ya ngisi. Hata sindano ya lidokaini, dawa ya ganzi, niliyochomwa kabla ya kushonwa ilizuia maumivu kwa kuiziba milango hiyohiyo ya sodiamu.

Nyuzi zilizovikwa ala ya mafuta iitwayo mailini hurusha msukumo kutoka pengo hadi pengo la ala hiyo, na zile nene hufikia mita 100 kwa sekunde. Zisizo na ala huenda kama mita moja tu. Ndiyo maana ukijikwaa, maumivu makali hutangulia, na yale ya kuungua hufuata baadaye.

Neva yangu iliposhonwa, sehemu ya aksoni iliyotengwa na seli yake ilikufa, na nyuzi mpya zikaanza kukua kwa takriban milimita moja kwa siku. Mtaalamu wa fiziotherapia alikuwa akigonga polepole kwa ncha ya kidole kufuata njia ya neva, nami nikimwambia panaposisimka: mwezi wa pili palikuwa upana wa vidole viwili kupita kovu, na baada ya nusu mwaka pakafika kwenye ncha. Hadi leo kidole hicho hakitofautishi vizuri pamba na karatasi, lakini kikigusa sufuria ya moto, najua.