Re: Nina Windows 11 na Linux Mint kwenye laptop moja, kazi gani niifanyie wapi?

Mkuu, kwa maelezo yako una RAM GB 8 na SSD ya GB 256. Windows imechukua kama GB 130, Mint GB 45, na GB 60 hivi zimebaki tupu. Kazi zako ni hesabu za ofisi kwenye Excel, barua na ripoti za Word, kuperuzi, na mazoezi ya Python.

Usianze kugawa kwa programu. Anza na faili: linatoka kwa nani na linarudi kwa nani? Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) inayotoka kwa mhasibu mwenzako na kurudi kwake, mzunguko wake wote ubaki Windows, hata kama LibreOffice, programu ya ofisi ya Mint, inaifungua bila kulalamika. LibreOffice inaelewa sehemu tu ya VBA, lugha ya makro za Office. Kitufe unaweza kukibonyeza kisifanye kitu, au kikafanya nusu, na ukaja kugundua pale jumla zinapokataa kulingana. QuickBooks ya kusakinisha, Tally, AutoCAD na fomu za kodi zenye makro ziko kundi hilohilo. Kuna watakaokushauri Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux. Kwa michezo sawa, kwa hesabu za mwajiri hapana.

Faili unalolianza na kulimaliza mwenyewe, au linalotoka kama PDF, lipeleke Mint: Python, kuperuzi, barua pepe, kuunganisha na kukata PDF, picha. Kwa GB 8 utaiona nafuu ukifungua tabo nyingi. Ukijikuta unawasha upya mashine mara mbili tatu kwa siku, ujue kuna kazi umeikata katikati. Ihamishie yote upande mmoja.

Word ndiyo inayosumbua. Barua ya kurasa mbili haina shida Mint, lakini ripoti yenye jedwali la yaliyomo inayopita kwa watu watatu iache Windows. Kurasa zinahama kwa sababu ya fonti. Calibri na Cambria zina mbadala wenye vipimo vilevile, Carlito na Caladea. Zisakinishe kwa kuandika hivi kwenye Terminal ya Mint:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Times New Roman na Arial zinazibwa na fonti za Liberation. Aptos, fonti ya kuanzia ya Office mpya, haina mbadala wa vipimo sawa, hivyo ukurasa wa 7 unaweza kuwa wa 8. Waombe wenzako waandike kwa Calibri, au wewe tuma PDF.

Sasa zile GB 60. Zifanye patisheni (sehemu ya diski) ya pamoja ya NTFS, mfumo wa faili wa Windows, uifomati ukiwa Windows, na faili zote za kazi zikae humo. Kabla hujaigusa kutoka Mint, fungua Command Prompt ya msimamizi ndani ya Windows uandike:

powercfg /h off

Hii inaondoa Fast Startup, njia ya Windows ya kuwaka haraka. Ikiwa hai, Windows "ikizimwa" inakuwa imelala tu na diski bado imeishikilia. Mint itaifungua patisheni kwa kusoma tu au itaikataa kabisa. Ukilazimisha kuandika, ndipo faili zinapopotea. Ikikataa hata baada ya hapo, rudi Windows uendeshe chkdsk D: /f (D: ni herufi ya patisheni hiyo ya pamoja; kama yako ni nyingine, weka hiyo). Amri ya ntfsfix unayoiona mitandaoni haichukui nafasi ya chkdsk. Inarekebisha hitilafu chache za msingi tu, ukaguzi kamili inaiachia Windows.

Kwenye Mint, pata UUID (namba ya utambulisho ya patisheni) kwa lsblk -f, kisha ongeza mstari huu kwenye /etc/fstab, faili linaloiambia Mint ifungue patisheni zipi inapowaka; pa YAKO weka namba hiyo:

UUID=YAKO /mnt/kazi ntfs-3g uid=1000,gid=1000,windows_names,nofail 0 0

Usiache windows_names. Bila hiyo Mint itakuruhusu kuita faili "Kikao 10:30.docx", na Windows haitaweza kulifungua kwa sababu ya ile nukta pacha. Nayo nofail inahakikisha Mint inawaka hata patisheni ikigoma.

Mazingira ya Python, yaani venv (folda yenye maktaba za mradi), usiyaweke kwenye patisheni hiyo. Ya Linux yana folda ya bin, ya Windows yana Scripts, na hayaingiliani. Faili zako za Python ziweke kwenye folda ya home ya Mint. Barua pepe tumia IMAP, inayoziacha barua kwenye seva, pande zote mbili. POP itashusha barua upande mmoja na mara nyingi kuzifuta kwenye seva. Alamisho za Firefox zisawazishe kwa akaunti yake, usijaribu kushirikisha folda ya profaili.

Saa itakuchanganya. Mint inaandika UTC (saa ya kimataifa) kwenye saa ya ubao mama, Windows inaisoma kama saa ya hapa, kwa hiyo saa kumi jioni inakuwa saa saba mchana. Ukiwa Mint:

timedatectl set-local-rtc 1

Mfumo utakupa onyo, lakini kwetu hatubadilishi saa kwa majira, kwa hiyo halina uzito.

Jingine la kufanya leo: chukua ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike nje ya mashine hiyo. Windows 11 nyingi zinafunga diski zenyewe kwa BitLocker, yaani kuisimba isisomeke bila ufunguo, na ukisasisha BIOS au kubadili mpangilio wa kuwasha inaweza kukudai ufunguo huo. Angalia pia kama D: nayo imefungwa; ikiwa ndiyo, izimie BitLocker kabisa ukiwa Windows, la sivyo Mint itakuomba ufunguo.

Flashi iliyotoka stationery ifungue kwanza Mint. Kirusi cha shortcut kinaficha folda zako na kuacha njia za mkato. Mint haijali alama ya kuficha ya FAT32, hivyo faili halisi utaziona. Nakili nyaraka tu, kisha fomati. Faili za .lnk, .vbs na .exe zisivuke, kwa sababu ukishazinakili kwenye D: zinakusubiri Windows.

Printa: HP LaserJet nyingi zinafanya kazi kwa HPLIP, draiva ya HP ya Linux, ila P1102 inahitaji kwanza uendeshe amri ya hp-plugin ukiwa na intaneti. Kama ofisini mna Canon LBP2900, chapisha kutoka Windows. Draiva yake ya Linux itakula siku nzima.

Na kama unatumia bando la simu, washa Metered connection (inayopunguza upakuaji wa Windows) kwenye mtandao huo ndani ya Windows, maana mpangilio ni wa kila Wi-Fi peke yake. Mint inakuonyesha orodha ya masasisho na ukubwa wake, halafu inakusubiri wewe.