Rangi zangu hugeuka tope

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimejifunza kuchora peke yangu, na mwaka huu nimeanza rangi za mafuta. Nilipanga mezani birika, chungu na maembe mawili, nikachora siku nne. Maumbo yamekaa sawa, lakini picha imepoa na rangi zote zimekuwa tope. Fundi mmoja ananishauri nitumie rangi ya mafuta ya milango kwa kuwa ni nafuu. Nakosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siku nne kwa maembe mawili ni nyingi mno.

Tope linaanzia kwenye brashi. Unapaka njano ya embe, unaingia kivulini na brashi ileile, kisha unairudia njano. Rangi ya mafuta huchelewa kukauka, kwa hiyo kila ukipita unakoroga ya chini. Shika brashi mbili, moja ya mwanga na moja ya kivuli, na kitambaa mkono wa pili cha kufutia kila mara. Changanya kwenye ubao wa rangi, si kwenye turubai unalochorea. Weka rangi, inua mkono. Ukikosea, kwangua kwa kisu, usisugue.

Mimi nilifunguliwa macho na samaki. Nilinunua samaki aina ya changu sokoni Feri, Dar es Salaam, asubuhi, nikamlaza kwenye sinia ya alumini karibu na dirisha. Kabla ya adhuhuri jicho lilikuwa limeanza kufifia na wekundu wa mashavuni unapotea. Sikuwa na muda wa kuhesabu magamba. Nilichukua brashi pana ya inchi moja, nikavuta mgongo wote kwa mkupuo mmoja wa waridi iliyotiwa kijivu. Kivuli chini ya tumbo nilikipata kwa buluu ya altramarini na hudhurungi, nyepesi, imezimuliwa kwa tapentaini. Mng'ao wa tumboni niliuweka kwa ncha ya kisu, nyeupe nzito, mara moja tu, sikuugusa tena. Picha hiyo bado ipo ukutani kwangu. Haina gamba hata moja, na wageni huniambia, "Huyu changu."

Fanya hivyo na embe dodo moja. Jipe dakika 40. Finya macho mpaka usione embe, uone mwanga na kivuli tu. Kivuli kipake chembamba, mwanga upake mzito. Usikimbilie nyeusi: embe likikaa juu ya khanga nyekundu, tumbo lake la chini hupokea wekundu wa khanga. Huo wekundu ndio utakaoipasha moto picha yako.

Kuhusu rangi ya milango, Edward Saidi Tingatinga alianza nayo Dar es Salaam mwaka 1968, akichora juu ya vipande vya hadibodi, na wachoraji waliomfuata wanaipenda hadi leo kwa mng'ao na mistari yake safi. Naiheshimu sana kazi hiyo. Ila rangi ile hujisawazisha yenyewe ikikauka, alama ya brashi inapotea, nawe unachotafuta ni alama hiyo. Kama fedha ni kidogo, nunua tyubu tano tu za rangi za wachoraji: nyeupe, njano, nyekundu, altramarini na hudhurungi.

Na vile vitambaa vya kufutia, vyenye mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi, usivirundike pembeni. Hupata joto, na huweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke.