Choo cheusi cha mama: usikubali haraka kwamba ni vidonge vya damu

Mkuu, mpeleke mama hospitali leo, usisubiri Jumatatu. Umeandika moyo wake umetanuka, damu ni 8.4, yuko wiki ya tatu kwenye vidonge vya kuongeza damu, choo kimekuwa cheusi, na duka la dawa wamekwambia ni kawaida ya vidonge. Halafu unauliza ale nini, na kama ataweza basi la Mbeya. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2021, nikayaamini, nusura nimzike mama yangu.

Mama alikuwa kwenye aspirini ya moyo. Magoti yalipomsumbua nikamnunulia diklofenaki, dawa ya maumivu, bila cheti. Akaanza kuhema akipanda ngazi tatu tu, tukasema ni moyo. Damu ikapimwa, 9. Tukapewa vidonge vya madini ya chuma na choo kikawa cheusi. Ni kweli vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, na hapo ndipo tuliponaswa. Cha mama kilinata kama lami, harufu yake haivumiliki. Dada yangu, anayemwogesha, aliniambia mara mbili. Nikamjibu dawa inafanya kazi. Miezi miwili! Kila asubuhi namchemshia rozela, namsagia bitiruti, kumbe damu inamwagikia tumboni.

Alipoanguka bafuni ilikuwa 5.2, miguu imevimba, maji yamejaa kwenye mapafu. Na mgonjwa wa moyo haongezewi damu hivihivi: waliipitisha polepole mno pamoja na sindano ya Lasix ya kutoa maji, kwa sababu damu ikiingia kwa kasi moyo unazidiwa. Kamera ilipoingia tumboni ikakuta kidonda. Diklofenaki juu ya aspirini. Tena dawa za jamii hiyo hufanya mwili ushike chumvi na maji, kwa hiyo nilikuwa naumiza tumbo na moyo kwa kidonge kimoja.

Yule muuza dawa nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba mama ana moyo. Hakuuliza anatumia nini kingine, hakuuliza choo kikoje. Akaniongezea chupa ya sharubati ya damu, akapokea hela. Nikipita pale hadi leo mwili unanitetemeka.

Msije mkaniambia mimi si daktari. Ni fundi friji, na friji inayovuja huijazi gesi kabla hujapata tundu. Damu ya mama inapotelea wapi? Hilo lijibiwe kwanza, ndipo ununue kitu.

Baadaye daktari wa moyo aliagiza feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Ikaja 64, maabara wameandika kawaida. Akatueleza kwamba kwa moyo ulioshindwa kazi, chini ya 100 ni upungufu wa chuma, na vidonge mara nyingi havifui dafu: utafiti wa Marekani wa 2017 uliwapa wagonjwa wa aina hiyo vidonge kwa wiki 16, uwezo wao wa mazoezi haukupanda. Mama akawekewa chuma kwa dripu. Sasa anakwenda sokoni mwenyewe.

Beba dawa zake zote kwenye mfuko, hata za magoti na za mitishamba. Aspirini usiikatishe kwa uamuzi wako, ila dawa ya maumivu usimpe hata kimoja mpaka aonwe. Ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe "choo cheusi". Wakishampima njoo uandike hapa, nasubiri.