Mbwa wa miezi 5 anang'ata, anarukia wageni na akiitwa haji: mapenzi au fimbo?

Mkuu, umesema nyumbani mmegawanyika: wewe unamchapa kwa kandambili, shemeji anambembeleza, naye mbwa anarukia wageni, anang'ata mikono, na siku hizi ukimwita hasogei. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote.

Ukimwita "njoo" halafu akifika akala kandambili, umemfundisha kwamba kuja kwako ni kupigwa. Kiatu alichotafuna asubuhi hakikumbuki. Mbwa huunganisha malipo au adhabu na alichokuwa akifanya sekunde moja au mbili kabla. Yale masikio yanayolala na mkia unaoingia katikati ya miguu, ambayo watu husema "anajua kosa lake", ni kuogopa sura na sauti yako. Mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hili mwaka 2009: mbwa walionyesha sura hiyo walipokaripiwa, hata wale ambao hawakuwa wamekosa. Ukikuta kosa limeshapita, safisha, nyamaza.

Hilo neno "njoo" limeshaharibika, liache. Chukua jipya, tuseme "hapa". Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), katakata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Simama hatua mbili tu kutoka alipo, sema "hapa" mara moja, na akifika mpe papo hapo huku unamsifu. Vipande 10 hadi 15, dakika 3 hadi 5, mara tatu kwa siku kabla hajala. Akiwa anakuja bila kusita, ongeza hatua, kisha toka naye uani akiwa kwenye kamba ya mita 5. Na usimwite kamwe kwa jambo asilolipenda. Kuoga au kuingia bandani, mfuate mwenyewe.

Kuruka kunalipwa bila watu kujua. Mgeni akicheka, akipiga kelele au akimsukuma kwa mikono, kwa mbwa yote hayo ni mchezo. Geuka, kunja mikono, usimtazame. Miguu yote minne ikigusa chini, hapo mkune kifua taratibu. Akiruka tena, geuka tena. Siku za mwanzo atazidisha, maana alichozoea kupata kimekatika naye anaongeza bidii. Wengi huchoka hapo wakamshika mara moja tu, na mbwa akajua kwamba fujo ikizidi inalipa. Wageni wakija, mtie kamba kabla ya kufungua geti.

Kung'ata kwa umri huo kuna sababu: meno 28 ya utoto yanapisha 42 ya ukubwani, na fizi zinamsumbua hadi miezi 6 au 7. Mpe karoti ya baridi au tambara nene lililoloweshwa likagandishwa kwenye friji, ukiwa unamwangalia asilimeze. Mfupa wa kuku uliopikwa usimpe, huvunjika vipande vyenye ncha. Akikushika mkono, usiuvute, kwani kitu kinachokimbia ndicho hukifukuza. Sema "basi", toka, funga mlango kwa sekunde 30, rudi. Kumfungia nusu saa hakuongezi somo.

Kitu kimoja nakuomba sana: usimpige kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni onyo. Ukilifuta, siku nyingine ataanzia kwenye meno, na mara nyingi aliye karibu ni mtoto. Akinguruma akiwa anakula, pita mbali, mtupie kipande cha ini karibu na bakuli, endelea na safari yako. Kila siku sogea kidogo. Akikaza mwili, umekaribia mno.

Shemeji asiache kumbembeleza, abadilishe wakati tu. Akunwe baada ya kukaa alipoambiwa "kaa", au anapojilaza kimya miguuni penu bila kuambiwa, saa ambayo kwa kawaida hakuna anayemjali. Na ukali unaotakiwa kwako ni wa kutobadilisha sheria. Kama kochi ni marufuku, ni marufuku hata siku ambayo baba amesafiri. Bandikeni maneno yenu jikoni: kaa, lala, hapa, acha, basi. Watoto na dada wa kazi watumie hayohayo.

Haya yote hayashiki kwa mbwa anayeshinda bandani toka alfajiri. Mtembeze dakika 20 au 30 kabla jua halijawa kali, na tena jioni.

Akiwa mkali ghafla bila sababu, mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe masikio na meno, maana maumivu humbadilisha mbwa. Hakikisha pia alishachanjwa kichaa cha mbwa, chanjo inayoanza akiwa na miezi 3. Akimtoboa mtu ngozi, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.