Kabla Hujanunua Seti ya Matairi Matatu, Lala Chini Uangalie

Jumapili iliyopita nilikuwa nimeegesha lori Amarillo, Texas, nasubiri mzigo, ukaingia ujumbe wa msomaji wa Houston. "Shikamoo mzee. Nimeona picha yako na mama mko kwenye Gold Wing ya matairi matatu. Mimi ninayo ya 2012. Nimefanyiwa upasuaji wa goti, daktari anasema pikipiki basi. Nataka niifunge matairi mawili nyuma. Seti ipi ya kuigeuza ni nzuri na bei yake nafuu?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako niliusoma mara tatu, maana swali hilo nililiuliza mimi miaka sita iliyopita, karibu kwa maneno hayohayo, na nililipa mara mbili kwa sababu yake. Siku ile nilikujibu mistari miwili. Leo nakujibu kwa kirefu.

Gold Wing ni pikipiki kubwa ya Honda ya safari ndefu. Yangu ni ya 2008, katika zile zilizoundwa Marysville, Ohio, kabla Honda hawajairudisha kazi hiyo Japani. Silinda sita, cc 1,832, na ukiijaza mafuta inapita kilo 400. Ikiwa mwendoni kilo hizo huzisikii hata kidogo. Ikisimama unazisikia zote.

Mimi nilizisikia kwenye kituo cha mafuta njia ya Waco. Mke wangu yuko nyuma, nasimama, mguu wa kushoto unakanyaga changarawe, goti linakataa. Pikipiki ililala polepole kama ng'ombe anayepiga magoti, na sikuweza kuizuia. Hakuumia mtu. Lakini mke wangu alisimama, akavua helmeti, akaishika mkononi, akasema, "Baba, mimi hapo nyuma sipandi tena." Alilishika neno hilo kwa miaka miwili. Miaka miwili naondoka Jumamosi peke yangu na kiti cha nyuma kitupu. Aliyezoea kusafiri na mwenzake anajua maana yake.

Ndipo nikaamua matairi matatu. Na hapo nikakosea.

Nilichagua kwa macho. Nilitazama picha usiku na mchana: umbo la nyuma, taa, buti linaingiza masanduku mangapi, rangi itafanana na tangi au haitafanana. Nikapata gereji moja iliyoniambia seti na kufunga vyote kwa dola 9,800, wiki tatu tu. Nikatoa nusu siku hiyohiyo. Wiki tatu zikawa miezi mitano. Miezi hiyo siisimulii, ni simu zisizopokelewa na ahadi za Ijumaa. Ila jambo moja bado linaniuma hadi leo: nilipokwenda kuichukua niliuliza vifaa vyangu vya zamani viko wapi, gurudumu la nyuma, ule mkono unaolishika, na giaboksi ndogo ya mwisho inayopokea shafti. Wakaniambia "vilitupwa". Vifaa vya Gold Wing havitupwi, vina wanunuzi. Nilijua vimeuzwa, na walijua kwamba najua. Kwa hiyo andika kwenye mkataba, kabla ya senti ya kwanza, kwamba kila kinachong'olewa ni mali yako na unaondoka nacho.

Siku ya kwanza nilijifunza mambo matatu kwa maumivu.

La kwanza ni mguu. Miaka thelathini ya pikipiki imenifundisha kushusha mguu nikikaribia kusimama. Kwenye matairi matatu, nyuma ya mguu wako kuna gurudumu pana. Nilishusha mguu kwenye taa za barabarani, tairi likanipanda kisigino, kiatu kikabaki chini. Buti nene ndilo lililoniokoa mfupa. Miguu ibaki juu, muda wote, mpaka umesimama kabisa. Nitalirudia hili, maana kila anayehama kutoka mawili kwenda matatu anafanya kosa hilihili.

La pili ni mabega. Pikipiki ya magurudumu mawili inapinda kwa kulala. Ya matatu hailali, unaipinda kwa nguvu ya mikono, na mwili wako unarushwa nje ya kona kama umekaa kwenye gari lisilo na mlango. Barabara nyingi za huku zimeinamishwa kidogo kulia ili maji yatoke, basi na pikipiki nayo inavuta kulia siku nzima. Nilifika nyumbani siwezi kuinua kikombe cha chai.

La tatu ndilo lililonishinda. Mke wangu alikubali kujaribu. Tukatoka, barabara ya shamba nje ya Terrell, tairi la kulia likaingia shimoni. Sehemu yote ya nyuma ikatupwa upande mmoja, halafu ikatupwa upande wa pili. Akashika shingo. Hakusema neno mpaka nyumbani, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko kelele.

Usiku ule nilimpigia mdogo wangu. Yeye ni dereva wa bajaji Tanga, Ngamiani kwenda Raskazone, mwaka wa kumi na moja sasa. Nikamweleza yote, bei, chapa, rangi. Akasikiliza, kisha akauliza swali moja: "Kaka, tairi moja likiingia shimoni, la pili linafanya nini?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeuliza maswali hamsini, hilo sikuuliza. Akaniambia bajaji yake kila tairi la nyuma lina mkono wake na springi yake. La kushoto likizama, la kulia halina habari, na abiria anaendelea na simu yake. "Hiyo yako je?" Nikachukua tochi, nikalala chini kwenye sakafu ya banda la gari. Ekseli moja, imeunganisha magurudumu yote mawili kama fimbo ya mzega. Moja likizama, lazima la pili liinamishwe.

Msomaji wangu, hapo ndipo penye jibu lako.

Seti ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza inaliacha gurudumu lako la nyuma palepale, halafu inafungwa fremu yenye magurudumu mawili, kila upande moja. Ni nafuu, inafungwa haraka, na ukibadili mawazo unaitoa. Kwa mwenye goti linalopona, huenda ikamtosha. Lakini kumbuka kinachosukuma bado ni gurudumu la katikati. Ukipita mahali penye bonde, kama pale njia ya nyumbani inapokutana na barabara, magurudumu ya pembeni yanabeba uzito wote na la katikati linabaki linateleza, hasa pakiwa na maji.

Aina ya pili inang'oa gurudumu la nyuma na mkono wake, inaweka difu, ile giaboksi inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, na magurudumu yenyewe yana matairi ya gari, unayoyapata duka lolote la matairi. Ndani ya aina hii kuna njia mbili: ekseli moja iliyoungana, au kila gurudumu na springi zake. Ekseli iliyoungana ni rahisi na imara, na wapo wanaoipenda kwenye lami nzuri. Kwa anayembeba mwenzake, na kwa safari ndefu ambazo ndizo sababu ya kununua Gold Wing, mimi nasema kila gurudumu na springi zake, hata kama itabidi usubiri mwaka mmoja uongeze pesa.

Mbele nako usikuache. Gurudumu la mbele la pikipiki linagusa lami nyuma kidogo ya pale ambapo mstari wa shina la usukani ungefika chini. Nafasi hiyo ndiyo inayoifanya pikipiki inyooke yenyewe. Kwa pikipiki inayolala ni baraka, kwa isiyolala inageuka mzigo wa mabega. Watengenezaji wazuri wanauza vishikio vya foki, zile bomba mbili zinazolishika gurudumu la mbele, vinavyobadilisha pembe, nafasi inapungua, hendeli inakuwa nyepesi. Ikipunguzwa mno, hendeli inatetemeka mwendo ukiwa mdogo, na hapo unahitaji kishokapu cha usukani cha kutuliza mtetemo. Gereji ikikuambia hayo ni mapambo ya ziada, toka. Mimi niliambiwa hivyo nikaamini.

Niliuza seti ya kwanza kwa hasara ambayo sijawahi kumwambia mtu, na leo pia siiandiki. Mara ya pili sikuangalia picha. Watengenezaji wapo: huku Texas kuna Motor Trike pale Troup, Minnesota wapo Roadsmith, na California Sidecar licha ya jina lao wako Virginia. Chapa sikuchagulii, hali ya mfuko wako unaijua wewe. Nilichofanya ni kuwatafuta wenye pikipiki zilizokwisha kugeuzwa, kuomba ruhusa, na kulala chini kuangalia. Pikipiki nane. Nikaomba pia kukaa kiti cha nyuma, maana huko ndiko mke wangu atakakokaa.

Mwezi wa kumi mwaka huo tulikwenda Talimena, ile barabara ya maili 54 inayopita juu ya mgongo wa milima ya Ouachita, kutoka Oklahoma hadi Mena, Arkansas. Majani yalikuwa yamegeuka mekundu. Kona baada ya kona nilikuwa nangoja aniguse bega aseme tusimame. Aliponigusa, alikuwa ananionyesha tai angani.

Wenzangu wa kundi letu la pikipiki Dallas walinicheka. Mmoja alisema mbele ya watu, "Mzee, si ununue bajaji kabisa?" Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Leo namjibu. Bajaji imesomesha watoto wa mdogo wangu. Na kama ni Marekani, Harley-Davidson waliunda Servi-Car ya magurudumu matatu kuanzia 1932 hadi 1973, polisi wakaitumia miji mingi, na kwa modeli ya 2009 walitoa Tri Glide, nayo ya magurudumu matatu ikitoka kiwandani. Ndugu zangu, tunaogopa sana macho ya watu. Mtu goti limekwisha, mgongo umekwisha, anaendelea kuishikilia pikipiki ya kilo 400 kwa mguu mmoja ili wenzake wasiseme. Atakapoanguka, wale wenzake hawatakuwa wodini saa nane za usiku. Atakuwepo mkewe. Mche Mungu, umsikilize daktari, umsikilize na mwenzako.

Mengine ni madogo ila usiyadharau. Leseni hutofautiana: California leseni ya kawaida ya gari inatosha, Washington wanataka kibali cha peke yake cha magurudumu matatu. Uliza jimboni kwako, na uchukue kozi ya magurudumu matatu hata kama hujalazimishwa. Mwambie wa bima kabla ya kufunga, siyo baada ya ajali. Hakikisha kuna breki ya kuegeshea. Reverse ya Gold Wing inatumia mota ya starter, kwenye mlima inachoka, kwa hiyo fikiria unapoegesha. Na miguu, nimekuambia, ibaki juu.

Umeniuliza pia kama nyekundu itapendeza na rangi yako ya fedha. Itapendeza. Lakini Jumamosi hii nenda Houston hapo umtafute mwenye nayo, uvae nguo ya kuchafuka, ubebe tochi. Lala chini, mwambie mwenye pikipiki apandishe tairi moja juu ya ubao, utazame la pili linafanya nini. Kisha niandikie ulichokiona, nitakuwa njiani kurudi kutoka Amarillo.